Gego la Mwaka wa Sita

Katika nyumba nyingi za Kisondela yuko mtu mmoja ambaye hatafuni upande wa kushoto, au hatafuni upande wa kulia. Ukimwuliza sababu atacheka kidogo, atashika shavu lake, aseme, "Ni jino tu." Kisha ataendelea kula upande wake mmoja, kama alivyofanya jana na juzi. Siku jino litakapomzuia kulala, ndipo atakapoondoka asubuhi na mapema kwenda Tukuyu, naye atakuwa na ombi moja tu: ling'olewe.

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za jino. Si habari za kuling'oa, maana hizo kila mtu azijua, bali habari za kuliziba lingali zima. Tena twataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulisikia, ya kwamba njia moja ya kuziba meno, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za dunia, ilianza hapa hapa Tanzania, nayo ilianza kwa sababu ya shida zetu wenyewe.

JINO HUTOBOKAJE

Wazee wetu walisema yuko mdudu ndani ya jino. Maneno yao hayakuwa mbali sana na kweli, ila mdudu huyo haonekani kwa macho, wala si mmoja. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu vingi mno. Tukila kitu chenye sukari, navyo hula pamoja nasi. Na vikiisha kula hutoa asidi, yaani ukali kama ule wa ndimu. Asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo.

Jino lina sehemu tatu. Ganda la nje ni gumu kuliko mfupa wo wote wa mwili. Chini yake pana sehemu iitwayo dentini, nayo ni laini kuliko ganda. Ndani kabisa pana kiini, penye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ubovu ukiwa katika ganda, mtu hasikii kitu. Ukifika katika dentini, husikia maji ya baridi yakimchoma, au chakula kitamu kikimwasha. Ukifika katika kiini, ndipo maumivu yale ya usiku huja, ambayo hayangoji baridi wala utamu.

Mate yetu ni dawa, kwa maana hurudisha madini katika ganda. Lakini mate hutaka muda. Mtoto anywaye chai ya sukari asubuhi, akanunua pipi njiani akienda shule, akatafuna muwa adhuhuri, na jioni akapewa soda kwa kuwa ni siku ya soko, kinywa chake hakipati kupumzika. Kwa hiyo ubaya si wingi wa sukari peke yake, bali ni mara ngapi kwa siku meno huguswa nayo.

Wala msifikiri kwamba maradhi haya ni ya kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyotoboka bila kutibiwa, na watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyo hivyo hivyo. Hakuna maradhi yaliyoenea kwa watu kuliko haya.

MAMA, MTOTO NA BIBI

Tumfikirie mama mmoja wa kwetu. Mwanawe amelia siku mbili kila anywapo maji ya baridi. Mama amemchukua kwa tabibu wa meno, na bibi yake mtoto amefuatana nao. Tabibu amwamkia bibi kwa heshima, kisha atazama kinywani mwa mtoto.

"Daktari, ling'oe tu," asema mama. "Ni la utoto, litaota jingine."

"Mtoto ana umri gani, mama?"

"Anakwenda mwaka wa tisa."

"Basi gego hili si la utoto. Alilipata alipokuwa na miaka kama sita. Lilitoka nyuma ya meno yale ya utoto, wala halikusukuma jino lo lote kutoka, ndiyo sababu nyumbani hamkuliona likija. Tukiling'oa leo, atakuwa na pengo hata uzeeni."

Bibi atia neno: "Mimi nina mapengo manne, wala sijafa."

"Ni kweli, bibi. Lakini nyama, je? Siku hizi waila mpaka ukatiwe vipande vidogo, sivyo?"

Bibi anyamaza. Mama ashika mkono wa mtoto. Sasa neno lililo mbele yao si dogo, maana mtoto huyu, Mungu akimjalia, ataishi miaka sitini au sabini na kinywa hiki hiki.

Tumeandika habari hii kwa sababu kosa la mama huyu ni kosa la wengi wetu. Gego la mwaka wa sita huja kimya kimya. Ni la kwanza katika magego ya ukubwani, nalo lina mifereji mirefu juu yake ambamo chakula hujificha. Kwa hiyo huoza upesi, na wazazi huliacha lioze wakidhani ya kuwa litaanguka lenyewe na jingine kuja mahali pake.

DAWA YA ZAMANI NA UBAYA WAKE

Tangu karne ya 19 waganga wa meno wa Ulaya na Marekani waliziba meno kwa amalgamu. Hii ni mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba. Na zebaki yenyewe ni kama nusu ya uzito wote. Ikiwa bado laini hushindiliwa katika tundu, kisha huwa ngumu. Ni dawa yenye nguvu, hudumu miaka mingi, wala bei yake si kubwa.

Lakini ina mambo mawili yaliyo magumu. La kwanza, amalgamu haishikamani na jino. Ili isitoke, yapasa tundu lichongwe kama mtungi, tumbo pana na shingo nyembamba. Na kwa kufanya hivyo mganga hukata hata sehemu nzima ya jino isiyo na ubovu. Kazi hiyo hutaka mashine ya kutoboa, na mashine hutaka umeme, hewa ya kusukumwa kwa nguvu na maji safi.

La pili ni zebaki yenyewe. Watu wa mkoa wetu waliokwenda kuchimba dhahabu Chunya waijua sana, maana ndiyo ikusanyayo chembe za dhahabu. Nayo ikichomwa, moshi wake ni sumu. Huko Japani, katika mji wa Minamata, zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliingia katika samaki, na watu waliokula samaki hao wakapooza na kufa; maradhi yao yalitambuliwa mwaka 1956. Kwa ukumbusho wa mji huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013 ya kupunguza zebaki duniani, nayo yakaanza kushika kazi mwaka 2017. Tanzania nayo imo katika mapatano hayo. Mwaka 2022 mataifa hayo yaliongeza neno kwamba watoto wenye umri chini ya miaka 15, wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha wasizibwe kwa amalgamu, isipokuwa mganga akiona ni lazima. Na mwezi wa Novemba mwaka 2025 yalikubaliana ya kwamba amalgamu ikome kutumika ifikapo mwaka 2034.

Hapa twataka kuwatuliza wale ambao tayari wana amalgamu kinywani. Msikimbilie kuitoa. Ikiwa imekaa vizuri na haijavunjika, iacheni. Kuichimba bila sababu hutoa mvuke wa zebaki zaidi, tena huharibu jino.

NJIA ILIYOANZA KWETU

Katikati ya miaka ya 1980, shule ya waganga wa meno ya Dar es Salaam ilikuwa na kazi ya kupeleka tiba kwa watu wengi. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Mholanzi, jina lake Jo Frencken. Mpango wa tiba uliokuwapo ulikuwa umeigwa kwa nchi tajiri, nao haukufaa. Mashine zilitaka umeme palipokuwa hapana umeme. Zilitaka vipuri vilivyopatikana ng'ambo tu. Na zilipoharibika, hapakuwa na fundi. Mgonjwa alikuja na jino lenye tundu dogo, akarudi na pengo, si kwa kuwa jino halikuweza kupona, bali kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuliponyea ila koleo.

Ndipo wakajiuliza: je, mashine ni lazima? Ubovu wa jino ni laini. Kwa nini usikwanguliwe kwa mkono, kwa kijiko kidogo cha chuma chenye makali, na tundu likazibwa kwa saruji inayoshikamana na jino lenyewe? Wakajaribu, kwanza kwa saruji iitwayo polikaboksileti, iliyotengenezwa Uingereza na Dennis Smith katika miaka ya 1960. Mwaka 1986 habari za majaribio hayo zilisomwa mbele ya mkutano wa waganga wa meno wa Tanzania, Dar es Salaam.

Walioyasikia hawakuamini wote. Mganga aliyefundishwa miaka mingi kutumia mashine huona vigumu kukubali ya kwamba kazi yake yaweza kufanywa kwa kijiko. Kwa hiyo njia hiyo ilipimwa tena kwa uangalifu, nchini Thailand tangu mwaka 1991, na nchini Zimbabwe tangu mwaka 1993. Meno yalipokaguliwa mwaka baada ya mwaka, ilionekana kwamba saruji zilizo nyingi zingali mahali pake. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa yote. Waganga huiita kwa kifupi ART, na maana yake ni kutengeneza jino pasipo kuliumiza.

Saruji itumikayo sasa si ile ya kwanza. Huitwa glasi ayonoma, nayo ilibuniwa na Alan Wilson na Brian Kent katika maabara ya serikali huko London, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni unga wa kioo cha namna ya pekee, unaochanganywa na maji ya asidi. Vikikutana hugeuka uji mzito, na baada ya dakika chache huwa jiwe. Faida zake ni mbili. Hushikamana na jino yenyewe, kwa hiyo hapana haja ya kuchonga mtungi. Tena hutoa polepole madini ya floridi, ambayo huimarisha kando za tundu zisioze upya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima.

KAZI YENYEWE

Turudi kwa mtoto wetu. Tabibu amelaza kichwa chake vizuri penye mwanga, akaweka pamba kandokando ya gego ili mate yasilifikie. Kwa chombo chenye makali apanua mlango wa tundu. Kisha kwa kijiko kidogo akwangua ubovu, kwanza kandokando, halafu chini. Hapigi sindano, maana sehemu iliyooza haina uhai wa kuumia. Mtoto husikia kukwaruzwa tu. Karibu na kiini tabibu hakwangui mno. Afadhali kuacha ubovu kidogo chini ya saruji kuliko kutoboa kiini, kwa sababu vijidudu vikifungiwa ndani pasipo chakula hudhoofika na kazi yao hukoma.

Akiisha kulisafisha tundu kwa pamba yenye maji ya dawa, na kulikausha, achanganya unga na maji yake, ajaza upesi, kisha apaka mafuta kidogo kidoleni mwake na kukandamiza. Kwa kukandamiza huko saruji huingia hata katika mifereji mingine ya gego, nayo huzibwa kabla haijaoza. Amwambia mtoto aume, aondoa kilichozidi, na kumwonya asile kitu kwa muda wa saa moja. Basi, kazi imekwisha. Hapana ngurumo ya mashine, wala hapana damu, na vyombo vyote huweza kuchukuliwa katika mfuko mmoja hata mahali pasipofika umeme.

JE, HUDUMU?

Twapaswa kusema kweli yote, maana dawa isifiwayo kupita kiasi hudharauliwa baadaye. Waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi wameona hivi. Tundu likiwa juu ya jino tu, katika meno ya utoto, saruji zaidi ya 90 katika 100 huwa zingali nzima baada ya miaka 2. Katika meno ya ukubwani, kama 80 katika 100 huwa zingali nzima baada ya miaka 5. Lakini ubovu ukiwa umebomoa na ubavu wa jino la utoto, ni 60 na kitu tu katika 100 zinazokaa miaka 2, maana glasi ayonoma haina nguvu ya kubeba kishindo cha kutafuna pasipo kuta za jino za kuizuia. Yaani tundu dogo huzibika vema, tundu kubwa hushinda. Wahenga walikwisha kutuambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapa pana huzuni yetu. Njia hii ilianza Tanzania, lakini Watanzania wengi hawaipati. Emil Kikwilu wa Dar es Salaam na wenzake walichunguza zahanati za meno za serikali ambamo matabibu walifundishwa njia hii, wakatoa habari zao mwaka 2009. Waliona ya kwamba kung'oa kuliendelea kuwa ndiyo tiba iliyo kubwa. Mara nyingine vyombo na saruji havikutosha. Mara nyingine tabibu mwenyewe alikuwa na wagonjwa wengi, na kung'oa huchukua muda mfupi. Na mara nyingi mgonjwa alikuja amechelewa, jino limeoza hata kiini.

Vyombo na saruji si sisi tuwezao kuvileta, ingawa twaweza kuviuliza na kuviomba katika mikutano ya kijiji. Lakini kuchelewa ni kwetu wenyewe. Jino liumalo kwa baridi tu laweza mara nyingi kuzibwa. Jino liumalo lenyewe usiku kucha, au lililotoa usaha ufizini, halitoshi kuzibwa hivi. Litataka kusafishwa mizizi kwa vyombo vingine, au kung'olewa. Na shavu likivimba pamoja na homa, au mtu akishindwa kumeza au kufungua kinywa, msingoje siku ya soko wala gari la kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile, maana usaha wa jino ukishuka shingoni huweza kuua.

LA KUFANYA NYUMBANI

Wazazi, mtoto akitimiza miaka sita, mpelekeni penye mwanga wa dirisha, afungue kinywa, mtazame nyuma ya meno ya utoto, juu na chini. Mkiona gego jipya, jueni ya kuwa hilo ni la maisha. Mkiona doa jeupe kama chaki, au doa jeusi lenye shimo, mpelekeni kwa tabibu kabla hajalia.

Apige mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floridi, kiasi cha punje ya njegere kwa mtoto wa miaka hiyo, naye ateme asimeze. Vitu vitamu apewe wakati wa chakula, si katikati. Na akiona kiu, maji ya chemchemi zetu yaliyochemshwa yamtosha.

Mkifika kwa tabibu, msianze kwa kusema, "Ling'oe." Ulizeni kwanza, "Je, laweza kuzibwa?" Neno hilo halina gharama, nalo limeokoa meno mengi.

Na yule bibi? Mtoto alipoinuka kitini, akitafuta saruji kwa ncha ya ulimi, bibi alikaa kimya kidogo. Kisha akavuta shuka lake, akamwuliza tabibu kwa sauti ndogo, "Na haya yangu yaliyobaki, mwanangu, nayo huzibwa?"

"Huzibwa, bibi," akajibu. "Karibu, kaa hapa tuyatazame."